Uko Wapi Sasa?

Watu wa ghala la gesi walimwita dereva mmoja Kobe, na yeye jina hakulikataa. Anayecheka mwendo wa kobe, alisema, aje na kobe aliyewahi kugonga mtu.

Kila asubuhi, kabla lori halijatoka, aliifunga mitungi kwa mnyororo, imesimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride, kisha akapaka povu la sabuni kwenye valvu aone kama kuna inayopumua. Kizima moto mahali pake. Viberiti vyote viliachwa getini. Mkaguzi wa serikali alipokuja aliyagusa yote hayo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Simu iliyokuwa ikiita kwenye mfuko wa shati la Kobe hakuiuliza, wala haikuwa kazi yake kuiuliza.

Mpigaji alikuwa mwenye ghala, mama mchapakazi ambaye wote walimwita Mama Mkubwa. Ukutani mwa ofisi alikuwa amebandika kwa mkono wake tangazo la kuwakataza madereva kushika simu barabarani. Chini ya tangazo hilohilo ndipo alipokaa kuwapigia. Uko wapi sasa? Njiani, Mama. Chai haijapoa, anapiga tena: njiani wapi?

Siku moja, karibu na soko, simu iliita na Kobe akateremsha macho mfukoni. Alipoyainua na kukanyaga breki, mwanamke mwenye beseni kichwani alikuwa amesimama mbele ya bampa, kiganja juu ya boneti, kama anayempima mtoto homa. Hakutukana. Alimtazama tu, akaenda zake. Angetukana, Kobe angepata nafuu.

Tangu hapo akawa hapokei mpaka asimame. Haikuchukua muda akaitwa ofisini. Mama Mkubwa alilalamika kwamba wateja wanamsumbua yeye, naye amekaa kama kinyago, hajui gari liko wapi. Kobe akamsimulia habari ya yule mwanamke. Mama Mkubwa akashika kifua, akampa pole ya kweli, halafu akamwambia basi awe anapokea harakaharaka, neno moja tu.

"Mama, neno moja ndilo lililobaki kidogo limuue."

"Usinifundishe kazi. Kesho simu ikiita isipokelewe, ufunguo wa lori niukute mezani."

Nyumbani mkewe alimsikiliza huku akikunja nguo za watoto. Kazi asiipoteze, alisema, na mtu asimuue. Akipata njia ya kuyafanya yote mawili, amwamshe.

Asubuhi Kobe alimkabidhi utingo wake simu. Huyu alikuwa mzee mpole, wote walimwita Mjomba, na alikuwa amelelewa kwamba mtu haingii kwenye shauri bila kupita mlango wa salamu. Simu ikaita. Uko wapi sasa, ikasema. Mjomba akanyamaza, akingoja, kama mtu aliyesikia hodi isiyokamilika. Upande wa pili Mama Mkubwa akaelewa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mko wa—"

"Tushukuru. Na lile goti?"

Goti lilikuwa zuri. Mkwe je, alitoka hospitali? Alitoka. Na kifua chake? Kobe, mikono miwili kwenye usukani, aliuma mdomo asicheke. Walipomaliza ya kifua cha mkwe, lori lilikuwa limeshasimama kwa mteja na mitungi inashushwa.

Simu iliita tena, na Mjomba hakuona kwa nini salamu ya pili iwe fupi kuliko ya kwanza. Akauliza kulikoni tangu waachane. Mchana simu zikapungua, na alasiri mfuko wa mzee ukanyamaza kabisa, hata akaanza kuwa na wasiwasi kwamba huko ofisini kuna mgonjwa.

Jioni Kobe aliingia ofisini akauweka ufunguo mezani mwenyewe. Mama Mkubwa alikuwa ameegemeza shavu kiganjani.

"Yule mzee," alisema, "ameniuliza hata mume wangu wa kwanza anaendeleaje."

"Lakini kila ilipoita ilipokelewa, Mama."

Simu ya mezani ikaita. Alikuwa mteja aliyekuwa akisubiri lori la pili, ambalo lilikuwa bado halijarudi. Sauti yake ya ukali ilisikika mpaka mlangoni. Mkono wa Mama Mkubwa ukaifuata simu yake ya kiganjani, kidole kikalipata jina la dereva wa lori hilo bila hata kuangalia, kama ulimi unavyolipata jino bovu. Kikatua hapo. Akamtazama Kobe, akasonya.

"Sijui alipo, dada," alimwambia mteja. "Anaendesha gari. Ngoja asimame."

Akakata, amenuna kama aliyenyang'anywa kitu chake, na kwa kiwiko akausukuma ufunguo upande wa Kobe.