Paa Letu la Kiseke

Juzi jirani yangu alimkabidhi fundi fedha zote za kubadilisha paa kabla kazi haijaanza, nikakumbuka harufu ya magodoro yaliyolowa. Nilipokuwa mtoto, tukiishi Kiseke karibu na ziwa, fundi wetu alilipwa vivyo hivyo, akang'oa mabati ya zamani, akatoweka. Mvua ilitunyeshea vitandani wiki nzima.

Alasiri moja baba alimnasa fundi yule, akamburuta hadi uani, akampiga kwa mpini wa jembe mpaka nikasikia mfupa wa mkono ukivunjika kama kuni kavu.

"Nisamehe, mzee!"

Mama alijitupa katikati yao. "Baba Neema, ukimuua huyu, nani ataezeka?"

Niliamini ile ilikuwa huruma. Sasa najua mama alikuwa ameyaona mawingu ya ziwani.

Kesho yake fundi alipanda ngazi kwa mkono mmoja. Baba alikaa chini, mpini magotini, hadi bati la mwisho.