Karatasi Kwanza, Disketi Baadaye

Katika miaka ile kiwanda chetu cha Likasi kilipokuwa kinakufa polepole, na mshahara ukija kama mvua ya kiangazi, kulikuwa na chumba kimoja ambacho kazi yake haikulegea. Humo mama mmoja alisimamia orodha za vipuri vyote vya maghala yetu, la Likasi na la Kakanda, ndani ya kompyuta kuukuu. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikajiona najua.

Programu ya orodha ile tuliiandika wenyewe, na haikuwa na mwenyewe. Kila ghala lilikuwa na nakala yake ya programu na orodha ya vipuri vyake. Aliyepata wazo aliongeza kitu, akampa dereva wa lori disketi, na wenzake wakakichukua bure. Lakini Mama Shefu, ndivyo tulivyomwita, alishika sheria moja: hakuna kitu kipya kinachotoka bila karatasi ya maelezo. Na si sisi tulioipima karatasi hiyo. Alimwita mlinzi wa lango, mzee asiyejua kompyuta, akamketisha afuate maneno kama yalivyoandikwa.

"Papa, hapa umeandika nirudi nyuma," mlinzi aliniambia siku moja, akiniita baba kwa heshima ingawa alinizidi umri. "Nyuma ni wapi? Ku lango?"

Nilicheka. Mama Shefu hakucheka. "Andika tena. Yeye haiko na shida. Karatasi ndiyo iko na shida."

Alikuja kazini akitoka shambani, udongo wa matuta ya mahindi ungali kwenye viatu vyake. Karatasi nyeupe zilipokwisha aliandika nyuma ya ramani za zamani. Umeme ukikatika alingoja. Ukirudi, aliendelea palepale.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Kutafuta kipuri kulichukua muda, basi nikaongeza kitu changu: kipuri kisichoguswa kwa miaka mingi kifichwe, orodha iwe fupi. Kilienda vizuri mno. Nikatuma disketi Kakanda wakati Mama Shefu yuko matangani. Karatasi sikuandika.

Kisha gurudumu la ndani la pampu ya maji likavunjika, pampu iliyolisha hospitali na mtaa wetu. Akina mama waliojifungua wakaletewa maji ya mto kwa ndoo. Mkubwa wa kiwanda akasema gurudumu jingine lisipopatikana kufikia Ijumaa, pampu itafunguliwa na shaba ya mota yake itauzwa. Mama Shefu akaita Kakanda kwa simu ya redio.

"Hakuna, Mama," mtunza ghala wa kule akajibu. "Nimetafuta. Mashini inasema hakuna."

"Hakuna? Minye mwenyewe niliandika ile gurudumu ku orodha ya Kakanda!" Akanigeukia. "Nani alibadilisha programu?"

"Minye, Mama."

"Karatasi iko wapi?"

"Nilifikiri inaeleweka."

"Na nani? Na weye! Weye uko Kakanda?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Katika kiwanda kilichosimama, nani angegusa kitu? Nilikuwa nimeficha karibu ghala zima. Kulikuwa na namna ya kuvirudisha vipuri vyote kwenye orodha, lakini niliijua peke yangu.

Nilitaka kushika redio nimweleze yule mtu haraka haraka. Mama Shefu akanizuia. "Kichwa yako iko moto. Andika." Nikaandika. Akamwita mlinzi, hata siku ile. Mzee akakwama kwenye mstari mmoja, nikaunyoosha. Alipofika mwisho bila kuuliza, Mama Shefu akaisoma karatasi redioni, neno kwa neno.

Tukangoja. Redio ikakoroma.

"Iko! Mama, iko! Inalala na mapanya chini ya rafu!"

Kitu changu hakukifuta kwenye programu. Alisema wazo ni zuri, lilikosa maelezo tu, akaiweka karatasi yangu pamoja na nyingine. Gurudumu likaja na lori Alhamisi.

Maji yaliporudi, foleni kwenye bomba la mtaa ilikuwa ndefu, watu wakiwasifu mafundi wa pampu kwa kelele. Mama Shefu alikuwa mbele yangu na ndoo yake. Mwanamke mmoja akamwambia, "Mama, bale mafundi Mungu abalipe!" Akaitikia, "Amina," akamwomba asogeze beseni kidogo. Mimi nilisimama na bidoni yangu, dumu la maji. Ningeweza kumwambia mwanamke yule ni nani hasa aliyeturudishia maji. Lakini angeniuliza ni nani aliyelificha gurudumu. Zamu yangu ikafika, nikachota.