Shafti Aliyoifunga Baba

Baba yangu alitumia miezi yake ya mwisho kutengeneza mashua ndogo ya umeme, isiyozidi urefu wa mkono wangu, ya kuendeshwa kwa rimoti. Alikuwa fundi wa mashine za kukamua alizeti, kwanza Ulemo, kisha Kiomboi. Alipostaafu alihamia Unyambwa kwa dada yake, kwa kuwa mama alikuwa amekwishafariki. Alisema amezungusha mashine za kukamua maisha yake yote, sasa anataka moja isiyokamua kitu.

Bodi aliichonga kwa mbao nyepesi. Shafti, yaani kile chuma chembamba kinachotoka kwenye mota kwenda kuzungusha pangaboi nyuma, aliitengeneza kwa spoku ya pikipiki. Aliipitisha ndani ya kipande cha antena ya redio iliyokufa, akajaza girisi ili maji yasipenye. Hapo ndipo kiharusi kilipompata, kabla shafti haijafungwa.

Nilirudi kutoka Dar es Salaam. Nilimkuta mkono wa kushoto umelala na maneno yake yamechanganyika. Siku nyingine aliniita kwa jina la mama. Siku nyingine aliuliza kama mashine ya Ulemo imezimwa. Niliitika kila alivyoniita, maana kati yetu palikuwa na neno baya zaidi ya hayo. Nilipoacha chuo cha ualimu ili niandike riwaya, aliniambia mbele ya watu, "Nikifa, usitie udongo kwenye kaburi langu." Hakuwahi kulirudia, wala hakuwahi kuliondoa.

Asubuhi moja aliniita kwa jina langu mwenyewe. Macho yake yalikuwa yametulia. Shangazi alikuwa mlangoni na kikombe cha uji.

"Lile neno la udongo nimelifuta," baba alisema. "Utanizika kama watoto wengine." Kisha, kana kwamba ni habari ile ile, "Na shafti nimeshaifunga."

Mchana shangazi alijaza maji kwenye beseni, akaiweka mashua, akabonyeza rimoti. Mota ililia ndani ya bodi, mlio mwembamba kama wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Pangaboi halikugeuka hata kidogo. Shangazi alinitazama, akatikisa kichwa, akaizima.

Siku ya tisa baada ya hapo baba alifariki.

Makaburini, nilipoinama kuchota udongo, shangazi alinishika mkono.

"Mwanangu, neno la mzazi si la kuchezea."

"Alilifuta, shangazi. Ulikuwepo, ulisikia."

"Nilisikia. Nilisikia pia kwamba amefunga shafti. Imefungwa?"

Wazee walitazamana. Mmoja alisema kwa upole, "Acha kwanza." Nilirudi nyuma na mikono mitupu. Majirani walipita mbele yangu wakatupa udongo, na hata watu waliokuwa wakipita barabarani walisimamisha baiskeli zao wakaja kutupa. Nilichosikia mimi ni ule mlio wa mota isiyozungusha kitu. Uliendelea kwa wiki nyingi. Nilikuwa nakoroga ugali, nausikia. Nilikuwa napanga foleni ya maji, nausikia, nikageuka kutazama ni nani ameiwasha.

Ilipofika arobaini, ndugu walikutana kugawana vitu vya marehemu. Koti lilipata mtu, baiskeli ikapata mtu, tupa na spana zikagombewa. Mashua ilibaki peke yake kwenye mkeka.

"Mpeni mwandishi," binamu yangu alisema. "Yeye ndiye mwenye muda wa vitu visivyokwenda."

Watu walicheka, nami nilicheka nao. Kesho yake asubuhi nikakaa uani kuifungua. Shangazi alikuwa pembeni yangu akipepeta alizeti kwa ungo.

Katikati ya mota na shafti kuna kipande cha shaba kinachoviunganisha. Shafti huingia upande mmoja, ncha ya mota upande mwingine, na kila upande una skrubu yake ndogo ya kukazia. Nilianza na upande wa shafti. Baba alikuwa ameisugua spoku kwa tupa mpaka ikapata ubapa, ili ncha ya skrubu ikae pale isiteleze. Skrubu ilikuwa imekazwa hadi mwisho na kufunikwa kwa tone la gundi nyekundu. Niliivuta shafti kwa koleo, nikaweka na goti kupata nguvu. Haikusogea. Nyuma, kati ya pangaboi na mdomo wa bomba la antena, alikuwa ameacha nafasi yenye unene wa ukucha, ili vyuma visilane.

Upande wa mota haukuwa na skrubu. Nilidhani imeanguka, nikainamisha bodi kuitafuta. Ilikuwa imeviringishwa kwenye kipande cha nailoni pamoja na ufunguo wake, na kubandikwa ubavuni kwa selotepu. Selotepu ilikuwa na alama za meno. Aliikata kwa mdomo, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umelala.

Nilikaa nayo kiganjani muda mrefu kabla sijaelewa.

Kule mashineni, nilipokuwa nikimpelekea chakula, baba alikuwa na msaidizi aliyepoteza vidole viwili kwa sababu mtu aliwasha umeme yeye akiwa bado ndani. Tangu siku hiyo, shafti ya mashine ilifungwa kwanza, lakini mota iliachwa huru hadi kazi yote iishe. Hata mtu akiwasha kwa bahati mbaya, mota ingelia bure bila kumgusa mtu. "Mota hufungwa mwisho," baba alisema, "vidole vikishatoka."

"Shangazi," niliita. "Njoo uone."

Nilimwonyesha ubapa, gundi, skrubu ndani ya nailoni. Nilimweleza habari ya mota. Niliongea haraka, nadhani nilikuwa nalia.

"Hakukosea. Alisema amefunga shafti, na ameifunga. Hakusema amefunga mota. Siku ile alikuwa na akili zake timamu."

Shangazi aliweka ungo chini. Uso wake, ambao nilitegemea ungefurahi, uliishiwa damu.

"Una hakika?"

"Tazama mwenyewe."

Alitazama. Aligusa tone la gundi kwa ncha ya kidole, akauondoa mkono upesi na kuuficha ndani ya kanga.

"Asubuhi ile," alisema, "kabla hajakuita wewe, aliniita mimi. Aliniambia, 'Dada, alizeti ya mwaka kesho hutaivuna.' Alinitazama vile vile alivyokutazama wewe."

Yaani hatafika mavuno hayo akiwa hai. Kumbe makaburini hakunishika mkono kwa chuki. Alihitaji kaka yake awe amechanganyikiwa asubuhi ile, nami nilihitaji awe mzima, na asubuhi yenyewe ilikuwa moja.

"Labda nimeelewa vibaya," nilisema. "Labda selotepu aliibandika siku nyingine."

"Usinidanganye, wewe mtoto. Mimi na yeye tumenyonya ziwa moja, naijua kazi yake." Alivuta pumzi. "Funga hiyo mota. Kisha nenda kaburini ukafanye alichokuruhusu."

Niliingiza skrubu tunduni. Kabla ya kukaza nilijikuta nimesimamisha mkono na kusubiri, nikitazama ndani ya bodi. Kisha nikakaza. Kwenye beseni mashua iliruka mbele ikagonga ukingo kwa nguvu, na maji yakamrukia shangazi miguuni. Hakuondoa miguu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda makaburini peke yangu, nikaweka udongo wangu. Mlio ulikoma. Nilirudi Dar es Salaam nikalala usingizi mzito, na kila nilipoamka niliona aibu kwa kulala.

Mvua zilipoanza, shangazi hakupanda alizeti. Shamba zima alitia mtama. Majirani walimuuliza, akawajibu kwamba bei ya alizeti haieleweki. Mimi aliniambia kwa simu, akicheka kidogo, "Alichosema hakinipati. Hutaivuna, sawa. Na mimi sijaipanda."

Juzi alinipigia tena.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Kisha nikamsikia akitembea kwenye majani. "Imejiotea moja. Katikati ya mtama. Mbegu ya mwaka jana hiyo, ilianguka. Imenipita kimo, na imeshachanua."

"Ing'oe tu, shangazi."

"Nimesimama hapa tangu asubuhi," alisema. "Nikiing'oa, si ndiyo nimeivuna?"

Nilitaka kumwambia ndiyo, umeivuna, basi neno limevunjika, ing'oe. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyomthibitishia maneno ya baba mara ya kwanza.

"Usiguse," nilisema. "Nakuja."