Mkate wa Kumimina Ndani ya Tramu

Juzi, kwenye tramu ya Croydon, huku Uingereza, bibi mmoja alinisikia nikizungumza kwa simu akaniuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?"

Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, ndani ya tramu hiyo hiyo. Mama alipakata mkate wa kumimina, bado wa moto, na harufu ya hiliki ilikuwa imejaa behewa zima. Mzee mwenye kofia ya kiua, kama zinazovaliwa kwetu, alituinamia.

"Bibie, harufu hiyo naijua. Nyie watu wa wapi?"

"Mombasa," Mama alijibu.

Mimi Mombasa sikuwa nikiijua hata kwa picha. Kwetu Wete, Pemba. Kengele ililia, milango ikafunguka, na Mama akanivuta tukashuka vituo viwili kabla ya chetu. Tulitembea kando ya reli. Nilidhani ameufanyia uchoyo mkate wake.

"Tungemmegea kidogo tu, Mama."

"Nyamaza."

Leo najua tulikimbia nini, na kwamba kila aliyesema kama sisi Mama alimwogopa, asije akapeleka habari zetu nyumbani, kwa wale tuliowakimbia.

Mama ameshafariki, na pasipoti yangu ni ya Uingereza. Yule bibi alikuwa bado ananisubiri, anatabasamu.

"Mombasa," nikamjibu.