Sahani Zilizofunikwa Malaba

Mwenye hoteli hakuitaka programu yetu. Alichotaka ni kukaa Nangina, kando ya kitanda cha mama yake, bila kulazimika kurudi Malaba kila mara. Mama yake alikuwa amepata kiharusi, akalazwa katika hospitali ya misheni kule, na tangu hapo alikubali kulishwa na mkono mmoja tu, wa binti yake. Wauguzi walijaribu, akina mama wa kanisa wakajaribu. Alifunga mdomo. Binti asipokuwepo, uji ulifunikwa ukapoa.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi katika kampuni ndogo ya Nairobi iliyokuwa inatengeneza programu ya mauzo kwa ajili ya hoteli ndogo, vibanda vya chipsi na wauza chapati. Nikatumwa mpakani. Nilipanga chumba Busia, nyuma ya maegesho ya malori, na kila asubuhi nikatoka kutafuta watu wa kujaribu programu hiyo kabla haijaanza kuuzwa. Wengi walinisikiliza kwa adabu, wakaniuzia chai, wakaniambia nirudi wiki ijayo. Sikuwalaumu. Sikuwa na hakika mimi mwenyewe kwamba mtu anayepika sufuria moja ya maharagwe anahitaji grafu.

Mama huyu mwenye hoteli aliniuliza swali moja.

"Nikiwa Nangina, nitaona hapa?"

"Kwa simu yako, mama. Oda ikifunguliwa unaiona, ikilipwa unaiona."

"Kila oda?"

"Kila oda."

Akakubali papo hapo. Tukaiweka tableti kwenye kaunta, nikamfundisha wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye ndiye angebaki na hoteli. Kesho yake mama akaenda Nangina na blanketi na flaski.

Hoteli hiyo iko kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kuelekea mpakani, na hakuna anayejua foleni itasonga lini. Dereva anaagiza ugali na matumbo, anakula nusu, mara taniboi wake, msaidizi wa lori, anapiga mluzi nje. Asipokwenda kusogeza lori, walio nyuma wataingia mbele yake. Basi anaruka, na akiwa anaruka anasema, "Dada, funika!" Wifi, bila kugeuka, anajibu, "Acha kitu!" Sahani inafunikwa kwa sahani nyingine, inawekwa kwenye rafu karibu na jiko, na juu yake kinabaki kitu cha mwenyewe ili isichanganywe na za wengine: kofia, kitana, miwani ya jua. Siku moja niliona soksi.

"Hii si alama, hii ni adhabu," wifi alisema. "Nani atakula karibu na hii kitu?"

"Ndiyo maana hakuna mtu ataguza chakula yangu," mwenye soksi akajibu kutoka mlangoni.

Anaporudi, pengine baada ya nusu saa, pengine kesho yake, chakula kinapashwa moto, anamaliza, analipa. Sikusikia dereva hata mmoja akilalamika.

Programu yetu haikujua kufunika. Kwake oda ilikuwa imefunguliwa au imefungwa, basi. Iliyokaa wazi kupita muda fulani iligeuka nyekundu na simu ya mwenye biashara ikatetemeka. Bosi wangu aliipenda sana sehemu hiyo. Alisema itawanasa wanaokula na kutoroka. Malaba iligeuza skrini nzima kuwa nyekundu kabla ya saa sita mchana.

Mama alipiga simu kutoka Nangina, kisha akapiga tena, kisha akaja. Alipita moja kwa moja hadi jikoni na mkoba ukiwa bado begani, akasimama mbele ya ile rafu. Sahani zote zilikuwepo na kofia zao. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Hii maneno ya kufunika ni mimi nilianzisha," aliniambia.

"Sasa mbona umekuja, mama?"

"Hapa naona sahani. Kule naona rangi."

Aliporudi hospitalini alikuta mama yake hajala tangu alipoondoka.

Niliongeza ule muda wa oda kugeuka nyekundu. Foleni nayo ikaongeza wake. Nikampigia bosi, nikamwomba tuongeze hali ya tatu.

"Ya nini?"

"Ya sahani iliyofunikwa."

"Kuna mtu atainunua nje ya Malaba?"

"Sijui."

"Tutaangalia toleo lijalo. Lakini huyo mama wako, wacha nikwambie, ndiye mteja wetu bora. Hakuna mwingine anayefungua programu mara nyingi kama yeye. Hebu muulize anapenda nini hasa."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Tulikuwa tunapima hofu ya mtu na kuiita mapenzi. Nilifikiria kuacha kazi, kama nilivyofikiria karibu kila wiki, halafu nikapanda matatu kwenda Malaba.

Wifi alikuwa amepata dawa ya ile nyekundu. Kila oda ilipokaribia kugeuka nyekundu aliifuta, kisha akaiandika upya dereva aliporudi. Nyekundu ikaisha. Badala yake simu ya Nangina ikaanza kuonyesha oda zilizofutwa, nyingi, za siku nzima. Safari hii mama hakupiga simu. Alitokea tu mlangoni.

"Wifi, unafuta nini?"

"Nafuta hiyo rangi yenye inakukimbiza hapa."

"Ama unafuta pesa?"

Madereva waliokuwa wanakula waliinamia sahani zao. Wifi alivua aproni, akaiweka juu ya tableti.

"Chukua hoteli yako."

"Dada, na chapati zangu?" mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo.

Wifi akaivaa tena aproni, akarudi kwenye jiko. Hawakusemeshana tena siku hiyo. Mimi nilijifanya nakagua waya wa chaja.

Jumapili nilikwenda Nangina. Niliwakuta wodini, mama na kikombe cha uji, mama yake akiwa ameegemezwa mito, kilemba kimefungwa vizuri, macho yakifuata kijiko. Simu ikatetemeka juu ya blanketi. Mama akageuka kuitazama, kijiko kikabaki hewani. Mgonjwa alikuwa amefungua mdomo. Akasubiri. Akaufunga.

"Mama, nikuondolee hiyo programu?" nikasema. "Ukikubali."

"Na nikiibiwa?"

Njiani nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba wifi yake ni mwaminifu. Lakini siujui moyo wa wifi yake.

"Inawezekana utaibiwa," nikasema. "Hata hii programu haitakwambia. Inachokwambia ni kwamba mtu hajamaliza kula."

"Si ni wewe uliniambia nitaona kila kitu?"

"Ni mimi."

"Sasa unaniambia nisiangalie."

"Ndiyo."

"Mtu wa kusoma," akasema, akatikisa kichwa. Aliweka kikombe chini, akachukua simu, lakini hakunipa. Alimpigia wifi. Ililia kwa muda mrefu, nikadhani haitashikwa.

"Wifi. Zimefunikwa ngapi?"

Nilisikia vyombo vikigongana upande wa pili, halafu sauti ya wifi, kavu lakini ipo.

"Rafu imejaa. Na ile soksi imerudi."

Mama akaangua kicheko, mpaka muuguzi akachungulia. Sijui kama huo ulikuwa msamaha wa upande wowote. Alikata simu, akanikabidhi bila kuitazama.

Nilibonyeza kuiondoa programu, ikaniuliza kama nina hakika, kisha ikaniuliza tena. Hayo maswali mawili niliyaandika mimi, chumbani kwangu Busia, ili watu wasituache kwa urahisi. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa anaonja uji kwa ncha ya ulimi kuona kama umepoa sana. Mama yake alikuwa amefungua mdomo tena.