Nguzo ya Kona

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu, mke wangu alikuwa amepiga magoti barazani, anachoma nguzo kwa kisu cha jikoni. Mimi niko mlangoni na kikombe changu.

"Mzee, njoo uone."

"Naona kutoka hapa, mama."

"Huoni kitu. Njoo."

Nikaenda. Kisu kiliingia kwenye nguzo ya kona kama kinaingia kwenye ndizi mbivu. Akakichomoa, akanipa mkononi kipande cha mti, cheusi, kimelowa.

"Leta fundi," akasema. "Nimesema fundi. Sikusema jamaa."

Baraza letu ni la mbao, limebebwa na nguzo sita, mbele ya nyumba. Kwangu lilikuwa mahali pa kuvulia viatu. Kwake lilikuwa kazi. Alishona pale miaka ishirini na sita. Cherehani yake ya kukanyaga, nzito kama ng'ombe aliyelala, ilikaa kona hiyohiyo kwa sababu ya mwanga. Ndani ya nyumba macho yake hayakuona tena tundu la sindano. Pale nje aliona. Kona ikienda, ushonaji umekwisha. Yeye alijua. Mimi pia nilijua.

Watu walimwita Mama Sindano, na si kwa kushona tu. Mteja akileta kitambaa kidogo na tumbo kubwa, aliambiwa palepale kipi kipunguzwe. Msibani kwake walisema alikuwa mpole. Waongo. Hakuwa mpole hata siku moja, na nguo zake hazikufumuka.

Lile baraza alilitunza kuliko alivyonitunza mimi. Kila kiangazi alitoa vitu vyote nje, akasugua mbao kwa brashi na maji ya sabuni, akachokoa uchafu katikati ya mbao na mbao ili maji yapate pa kupita. Akaenda gereji kuomba oili chafu, akapaka miguu ya nguzo, mchwa wasipande. Ukimwaga maji ya kunawa pale, ulisikia maneno yake. Mwaka jana magoti yalimkataa. Akaniomba mimi nipake. Nikasema kesho. Mvua ikaja.

Fundi aliyemtaka yeye ni mtengeneza majeneza wa mwisho wa barabara.

"Jeneza na baraza wapi na wapi?" nikamuuliza.

"Huyo mteja wake hajawahi kurudi kulalamika."

"Sasa utajuaje kama kazi ni nzuri?"

"Wanaobeba ni ndugu. Kitako kikiachia, mtaa mzima utajua."

Nilicheka. Kisha dada yangu akaja. Dada yangu akija, haji kusalimia.

"Kaka, mwanangu amekaa nyumbani na ufundi wake, wewe unataka kumpa kazi mtu wa maiti? Damu yako imekukosea nini?"

Mke wangu akamjibu akiwa na pini mdomoni. "Wifi, damu haishiki msumari."

"Sikuzungumza na wewe. Nazungumza na kaka yangu."

Nikamwita mpwa wangu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Yeye hujiita Injinia. Alikuja na ndoo ya rangi ya kijani na simu sikioni. Hakuja na jeki, hakuja na timazi. Hakuinama hata kuchungulia chini ya baraza.

"Utaliinua kwa kitu gani, Injinia?" mke wangu akamuuliza.

"Hakuna haja ya kuinua, mama. Tunaitibu hivihivi."

"Aa, umekuwa daktari?"

"Nguzo mpya ya nini, na hii bado imesimama?"

"Hata mlevi husimama, akipata ukuta."

Majirani walikuwa wameshatoka. Mpwa wangu alikwangua pale palipooza, akachanganya vumbi la mbao na gundi, akashindilia kwenye shimo kama mtu anayejaza mto pamba. Akapaka rangi. Mpaka adhuhuri nguzo inang'aa.

"Hapo hata tembo apite," akasema.

Mke wangu akaingia ndani, akatoka na kijiko. Akakwangua rangi ile mbichi mbele ya watu wote. Vumbi na gundi vikamwagika miguuni pake.

"Umempaka maiti poda," akamwambia. "Ondoa hii. Weka nguzo. Au toka nyumbani kwangu."

Mpwa wangu akageuka kwangu. "Mjomba, kwani mwenye nyumba hapa ni nani?"

Majirani wananitazama. Dada yangu yuko getini, mikono kiunoni. Mke wangu naye ananitazama, kijiko mkononi.

Nikasema, "Mimi."

Injinia akajaza tena, akapaka tena. Mchana huohuo mke wangu akavuta cherehani yake kuiingiza ndani. Peke yake, hatua kwa hatua, anapumzika, anavuta. Sikumsaidia. Nilikuwa na hasira, na nilitaka aombe. Hakuomba.

Alishona ndani siku tisa. Alijichoma vidole. Siku ya saba alishona mkono wa gauni ndani nje, kosa ambalo sikuwahi kuliona kwake. Aliufumua kimya, akaanza upya, uso karibu na kitambaa kama anakinusa. Tulisemeshana mambo ya chumvi na maji, basi. Siku ya kumi sikusikia cherehani. Nikaenda kuangalia. Alikuwa ameegemea meza yake.

Daktari alisema moyo. Alisema ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Sikumuuliza ulichoshwa na nini.

Jeneza alitengeneza yule aliyemtaka. Tulilibeba, halikutoa hata mlio.

Siku ya pili ya matanga, watu wamejaa barazani. Dada yangu amejichukulia kiti cha kona, anawaeleza watu jinsi alivyompenda wifi yake. Mimi niko ndani. Nikasikia mti umekatika. Kabla sijatoka, kabla sijajua nani kaumia, nilishapiga kelele:

"Mama! Mama, njoo, kona imeanguka!"

Nikatoka mbio. Nje, dada yangu yuko chini kwenye udongo, kiatu kimoja hakipo, kiti kimemlalia. Hakuumia. Injinia anamnyanyua huku ananitazama.

"Watu walizidi, mjomba."

"Toka," nikamwambia.

"Mjomba, uzito ule..."

"Toka. Na mama yako toka naye."

Dada yangu akasema nitakufa peke yangu. Nikamwambia atafute kwanza kiatu chake. Walikwenda. Watu wakanong'ona, wengine wakaanza kufunga mabegi yao. Binti yangu akanishika bega, akaniuliza kwa nini nilimwita mama, hali najua hayupo.

Jibu lilikuwa aibu yangu. Siku ile anavuta cherehani, mimi nimesimama mikono nyuma, mke wangu alitua mlangoni kuvuta pumzi. Akaniambia:

"Nitashona gizani, sawa. Ila siku kona ikianguka, usiniite. Mwite mwenye nyumba."