Mbeta za Dorosela

Dorosela hajawahi kutia maji kwenye ulanzi. Naanza na hilo kwa sababu aliyesema ametia ni mimi, tena mbele ya watu, kilabuni kwangu hapa Makambako.

Ni mama wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, kisu kidogo kiunoni, maneno machache mdomoni. Tulimaliza darasa la saba pamoja, dawati moja. Mimi nikaja mjini kuuza, yeye akaolewa kilomita sita kutoka hapa, kwenye barabara ya Njombe, kwa mama mkwe aliyekuwa mgema. Bibi yule ndiye aliyemfundisha kukata ncha ya mwanzi mchanga asubuhi na jioni, unapunguza kidogo tu kama unakata ukucha wa mtoto, halafu unafunga mbeta, kile kikopo cha mwanzi kinachokinga utomvu. Mume alipofariki, na mama mkwe naye akafuata, Dorosela alibaki na mashina kumi na moja ya mianzi, mbeta za marehemu na watoto wawili. Wote wawili wamesomeshwa na ulanzi. Jumapili utamkuta kanisani, na vyombo vya meza ya Bwana akina mama humpa yeye avisafishe, maana kwa usafi hana mpinzani. Usafi huohuo ulitaka kumponza.

Asiyeujua ulanzi aelewe: utomvu ukidondoka ni mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukikaa unachacha, unatoa povu, unapiga puani. Wa Dorosela ulikuwa unanifikia saa nne asubuhi, dumu juu ya bodaboda, tayari unauma. Wa wengine hunisubirisha mpaka jioni.

Mwezi wa kwanza akaja binti mmoja anaitwa Zipora, mzaliwa wa Igwachanya, anasoma digrii ya pili Morogoro. Nikamuuliza anasomea nini.

"Ulanzi, mama."

"Digrii ya pili ya ulanzi?"

"Nataka kujua kinachouchachusha."

"Mwanangu, mimi nauza ulanzi mwaka wa kumi na tisa huu, na darasa la saba langu. Basi mimi ni profesa."

Akacheka. "Haya profesa, niambie. Kwa nini wa huyu Mama Dorosela unachacha upesi kuliko wa wengine?"

Sikujua. Miaka kumi na tisa, na sikuwahi hata kujiuliza.

Alijaza kichupa kimoja akaenda nacho chuoni. Baada ya wiki mbili akapiga simu: chachu ya Dorosela ina nguvu kuliko zote alizopima kutoka Njombe mpaka hapa. Angekuja Ijumaa ya wiki inayofuata, achukue sampuli nyumbani kwake mpaka msimu uishe. Habari zikaenea. Kilabuni wakaanza kumwita Dorosela "mwalimu wa chuo."

Hazikupita siku tatu, ulanzi wake ukapoa. Obed, mpakia mbao ambaye hajawahi kuacha kikombe na kitu ndani, alionja akakiweka chini.

"Mama Jenifa, leo kuna ubarikio wa watoto? Mbona mnatupa juisi?"

Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa akalalamika kwamba amemaliza lita mbili na bado anaikumbuka njia ya kwao.

Ijumaa Dorosela akaja na dumu yeye mwenyewe. Kilabu kimejaa. Obed akaonja, akakunja uso. Na mimi mdomo wangu hauna mlango. Nikasema kwa sauti, "Mgema akisifiwa..."

Kilabu kizima kikamalizia: "...tembo hulitia maji!"

Walicheka mpaka meza zikatikisika. Dorosela alinitazama.

"Hata wewe?"

Akabeba dumu lake akatoka. Alipofika kilabu cha jirani, methali ilishatangulia, walimwimbia mlangoni. Mgema akishapewa jina la kutia maji, amekwisha. Hakuna kamati ya kukata rufaa. Atagema mpaka afe, na ulanzi utamwagwa.

Zipora alishuka garini mchana ule, kikombe cha Obed bado kimejaa mezani. Nilipomsimulia, hakukubali wala hakukataa. Alitoa mkobani kidude kama tochi fupi, akadondosha tone la kile kikombe kwenye kioo chake, akakielekeza kwenye mwanga.

"Hiki kinapima sukari. Chungulia, mama."

Nikaona buluu juu, nyeupe chini, na mstari wa mpaka katikati. Akafuta, akaweka tone la maji matupu: mpaka ukaanguka hadi chini kabisa. Akachanganya ulanzi na maji nusu kwa nusu: mpaka ukashuka nusu. Akarudia ulanzi wenyewe. Mpaka ukapanda palepale pa mwanzo.

"Ungekuwa na maji, ungeshuka," alisema. "Utamu wake umetimia kama wa utomvu niliopima ukidondoka kwenye mwanzi."

Obed akasogea. "Sasa kama sukari ipo yote, mbona hauleweshi?"

"Hauleweshi kwa sababu ipo yote, kaka. Hakuna aliyeila."

"Nani aile?"

"Chachu. Ni vijidudu hai. Vinakula sukari, vinatoa kilevi."

Obed alifikiri. "Kwa hiyo miaka yote hii mimi nakunywa mikojo ya wadudu."

"Na unarudi kila siku," nikamwambia. Kisha nikamgeukia binti. "Hao wadudu wa Dorosela wamekwenda wapi?"

"Hilo ndilo swali, profesa. Twende."

Tukapanda bodaboda moja mishikaki mpaka kwa Dorosela. Zipora alisalimia "Kamwene, mama," akaitikiwa vizuri. Mimi nilipitwa kama kigingi cha mbuzi.

Nyuma ya nyumba, juu ya kichanja, mbeta zimepangwa zimeinamishwa juani. Nilizijua zikiwa nyeusi, ndani zina utando. Sasa zimetakata kama mifupa.

"Mama, umenunua mpya?" Zipora akauliza.

"Mpya za nini? Ni zilezile za mama mkwe. Nimezichemsha, nikazisugua kwa mchanga na sabuni. Tangu uliposema unakuja, kila jioni naziosha. Mgeni wa chuo aje kupima kwangu akute vyombo vina utando? Morogoro wangesema nini?"

"Na zamani?"

"Zamani haziguswi. Mama mkwe alikataza, alisema mbeta haioshwi. Nilidhani ni uzee. Tena nilikuwa naona aibu."

Zipora alikaa chini, pale pale kwenye majani. "Huenda utando ndio nyumba yao," alisema polepole. "Huenda. Sina hakika. Hakuna hata moja ambayo haijaoshwa?"

Dorosela akatikisa kichwa. Yeye akisafisha, amesafisha.

Ndipo nikakumbuka msumari ukutani kwangu. Krismasi aliniletea utomvu mtamu wa kunywa watoto kwenye mbeta, na mbeta sikurudisha, niliitundika pale. Wala sikuosha. Nilisema hivyo nikiangalia chini.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Dorosela alinisemesha. "Najua hujaiosha. Wewe hata dawati ulikuwa hulifuti."

Jioni ile Zipora aligawa utomvu mbichi mara mbili: nusu kwenye mbeta iliyooshwa, nusu kwenye ile chafu yangu. Akazifunika kwa vitambaa, tukaziweka kwenye rafu kilabuni ambapo kila mtu anaziona. Saa mbili asubuhi wateja walikuwa mlangoni, na sikuwa nimefungua. Ile chafu ilikuwa imesukuma kitambaa juu, povu linateremka ukutani. Ile safi imetulia, tamu kama chai ya mgeni.

"Tumepata!" nikasema.

"Mara moja haitoshi, mama," Zipora akajibu. Akarudia Jumamosi, Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu. Povu lilikuwa upande uleule. Ndipo Dorosela akachukua ulanzi wa ile mbeta chafu, akasuuzia mbeta zake zote, moja baada ya nyingine, na sabuni akairudisha jikoni.

Jumanne asubuhi nilisimama katikati ya kilabu. "Nilisema Dorosela anatia maji. Nilisema uongo. Hakutia hata tone."

"Rudia," Dorosela akasema kutoka mlangoni. "Obed hajasikia."

"Nimesikia, mama. Nataka kikombe."

Nilirudia hata hivyo. Kisha nikaenda kilabu cha jirani, nikarudia na huko.

Kabla Zipora hajaondoka na vichupa vyake, Dorosela alimshika mkono. "Hao wadudu wa kwanza kabisa, kwenye mbeta ya mama mkwe, nani aliwatia?"

"Sijui, mama. Labda nyuki. Labda upepo. Labda mkono wake mwenyewe."

"Basi andika kwamba hujui."

Akaandika, nikimwona.

Dumu la leo limefika saa nne, linauma. Nje limesuguliwa linang'aa. Ndani sikuuliza.